Malalamiko kuhusu uendeshaji wa gari zenu katika barabara ya Tunguu, Kitogani hadi Paje

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya kusafirisha wageni,
Mjini, Unguja.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaamu alaykum. Naandika kulalamikia namna gari zenu zinavyoendeshwa katika njia yetu, kutoka Tunguu kupita msitu wa Jozani hadi Kitogani na kushukia Paje. Simlalamikii dereva mmoja tu. Malalamiko ya dereva mmoja niliyaleta kwa simu, nikajibiwa, na jibu lenyewe ndilo lililonifanya nikae kitako niandike.

Tukio ni hili. Ilikuwa mchana, wakati watoto wa mkondo wa asubuhi wanatoka skuli na wa mchana wanaingia. Daladala ilisimama kituoni kushusha. Nyuma yake ikaja haisi yenu nyeupe, imejaa wageni na mabegi. Dereva hakupunguza mwendo. Alipiga honi, akatoka upande wa kulia, akaipita daladala ile mbio. Mwanangu, wa darasa la tano, alikuwa anakuja na baskeli yake kutoka upande wa pili, anafuata ukingo wake kama nilivyomfundisha. Pale hakuna njia ya waendao kwa miguu wala ya baskeli, na ukingo wa lami umeliwa na mvua. Alipoona gari inamjia uso kwa uso alijitupa kwenye mawe, mkono ukavunjika karibu na kifundo. Gari haikusimama. Jina la kampuni yenu limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa na kila aliyekuwepo kituoni alilisoma. Namba ya gari, tarehe na saa nimeziandika katika karatasi niliyoiambatanisha, pamoja na majina ya watu wazima waliokubali kutoa ushahidi.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nilipokewa kwa adabu, na hilo nalishukuru. Niliambiwa kwamba dereva ameshapewa onyo na kwamba mko tayari kuninunulia baskeli nyengine. Kisha aliyekuwa anazungumza nami akaniliwaza: mama, ajali haina kinga. Baskeli sikuitaka. Maneno yale ya mwisho yamenikaa moyoni mpaka leo. Mimi ni Muislamu, kadari naiamini, na lau Mwenyezi Mungu angemchukua mwanangu siku ile ningemzika nikiwa naiamini. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwambia bwana mmoja amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio atawakali. Kuipita mbio daladala inayoshusha watoto ni uamuzi wa aliyeshika usukani, na mtu hufundishwa kuamua vyema.

Ndipo nikaanza kuulizia. Kijijini petu na vijiji vya jirani wapo vijana wanaoendesha gari za wageni, wengine kwenu, wengine kwa kampuni nyengine. Ni watoto wetu, tumewaona wakikua, na hawakunificha kitu. Wananiambia dereva hupokea wageni Uwanja wa Ndege, akawapeleka Paje au Jambiani, na karatasi yake ya safari imeshampangia wengine wa kuwarudisha. Ndege ikichelewa, au mgeni akitafuta begi lake nusu saa, saa ya safari ya pili haisogei. Akichelewa, safari hiyo anapewa mwengine na bakshishi inakwenda nayo. Basi muda uliompotea uwanjani anautafuta barabarani, mbele ya milango yetu.

Naomba tufanye hesabu pamoja. Kutoka uwanjani hadi Paje tuchukulie kilomita 50. Kwa mwendo wa 60 ni dakika 50. Kwa mwendo wa 80, kama mtu angeweza kuushika njia nzima bila ya kituo wala tuta, ni kasoro kidogo ya dakika 38. Zote hizi mbio, kuovateki kwenye kona, kumganda wa mbele nyuma mpaka aogope, honi ya kutufukuza barabarani, faida yake ni dakika 12. Na dakika 12 hizo hazipatikani, kwa sababu mtu atakutana na matuta, na ng'ombe, na foleni ya Mwanakwerekwe. Kinachopatikana kweli ni dakika tano au sita, ambazo mgeni atazimaliza hotelini akisubiri ufunguo wa chumba.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde. Dereva akimuona mtoto anachomoza, sekunde moja tu ya kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki ni mita 22 zimeshapita, na breki haijaanza kufanya kazi. Mwendo ukiongezeka maradufu, masafa ambayo breki inahitaji kuisimamisha gari hayaongezeki maradufu, yanakuwa mara nne. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari yenye mwendo wa 65 yuko karibu na kifo mara nne na nusu zaidi kuliko aliyegongwa kwa mwendo wa 50. Ni tofauti ya kilomita 15 tu, ambayo dereva aliyekaa kwenye kiyoyozi haihisi hata kidogo. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hao ni watoto wetu wa skuli, na ni madereva wenu pia.

Sisemi madereva wenu hawawezi. Pale Jozani wanaweza. Zamani kima punju walikuwa wakigongwa mara kwa mara katika kipande kile cha barabara. Matuta yakawekwa, vifo vikapungua. Gari zenu zikifika pale zinatambaa, wageni wanapiga picha, dereva anamsubiri mnyama avuke na wenzake mpaka wa mwisho. Nafurahi kwa hilo, maana kima yule hana kwao kwengine duniani isipokuwa visiwani kwetu. Lakini tuta la mwisho likimalizika mguu unakanyaga mafuta, na Kitogani iko mbele kidogo tu, na watoto wako njiani. Kwa hiyo dereva anajua kupunguza, anajua kusubiri, anajua hata kuwaeleza wageni kwa nini anasubiri. Hajaambiwa na mtu wa ofisini kwamba na sisi tunasubiriwa.

Hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Nimewauliza wale vijana: mlipoajiriwa mlifundishwa nini? Wameulizwa leseni, wameulizwa Kiingereza, na wengine Kitaliana. Wamefundishwa kuvaa shati safi, kufungua mlango, kutoa maji baridi. Kuhusu barabara, hakuna. Leseni inamruhusu mtu kuanza kuendesha. Aliyeipata alijifunza kugeuza, kuegesha, kupanda mlima bila ya gari kurudi nyuma, na kuzijua alama. Njia ya shamba hakufundishwa kuisoma. Hakuambiwa kwamba daladala iliyosimama ina mtu atakayechomoza mbele yake, na kwamba ukitazama chini ya gari ile utaiona miguu yake kabla hujamuona mwenyewe. Hakuambiwa kwamba mpira ukivuka, mtoto yuko nyuma yake. Gari ya ng'ombe haina taa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi inachanganya vumbi na mafuta, lami ikateleza kuliko siku ya mvua kubwa. Usiku ukimuachia mwenzako taa kali, wa baskeli anayekuja hakuoni wewe wala halioni shimo lililo mbele yake. Haya hujayakuta kwenye alama yoyote ya pembe tatu; yanataka mtu mzima aliyeyaishi akae kiti cha pembeni amuoneshe kijana, leo mchana, kesho usiku, siku nyengine kwenye mvua.

Najua mtaniambia si nyinyi peke yenu. Ni kweli. Wapo wa bodaboda wasiovaa helmeti, wapo wa vespa wanaobeba watu watatu, na mwezi wa Ramadhani, robo saa kabla ya magharibi, kila mtu anakimbilia futari kama vile tende zitakimbia. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ukifika Makunduchi ndio hata kupumua hatupumui. Lakini hao siwezi kuwaandikia barua. Nyinyi mna ofisi, mna karatasi za safari, mna anayewaajiri madereva na anayewalipa. Mkibadilisha saa moja kwenye karatasi yenu, gari zenu zote zinabadilika siku hiyo hiyo.

Naomba basi karatasi ya safari imuachie dereva muda wa njia na muda wa ndege kuchelewa, na asipoteze safari wala kipato kwa sababu amekwenda kwa usalama. Dereva mpya asipewe wageni mpaka aliyekomaa ameketi naye katika njia hii na kuridhika naye, na wa zamani nao warudishwe darasani. Tabia mbaya nyingi nimeziona kwa watu wazima. Simu nayo. Nimewaona kwa macho yangu madereva wenu wakiandika ujumbe huku usukani umeshikwa kwa kiganja kimoja, na wanaoniambia sababu wanasema ofisi yenyewe ndiyo inayopiga, kuuliza umefika wapi. Acheni kumpigia mtu aliye njiani. Na mikanda ya viti vya nyuma itoeni chini ya vile vitambaa vizuri mlivyovitandika, mgeni aambiwe afunge kabla gari haijaondoka.

Halafu wekeni namba ya simu nyuma ya kila gari, na awepo wa kuipokea anayejua kuandika alichoambiwa na kumrejeshea jibu aliyelalamika. Siku ile tulilisoma jina, tukahangaika kutafuta pa kupiga.

Dereva aliyempita mwanangu simuombei kufukuzwa kazi. Akifukuzwa ataajiriwa kwengine wiki ijayo na atapita hapa hapa, hajajifunza kitu. Nataka afundishwe, na nataka aje. Aje yeye na mmoja wenu mwenye madaraka, mkae na wazazi na walimu, mtusikilize na mtueleze mtakachofanya. Mkono wa mtoto umetiwa plasta na unaendelea vizuri, alhamdulillahi, ila baskeli hataki tena kuipanda, na skuli anakwenda kwa miguu nikiwa nimemshika mkono mzima.

Nakala ya barua hii nimempelekea Sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa kijijini, na Polisi wa Usalama Barabarani. Jibu nalitaka kwa maandishi, na ndani yake mniandikie siku mtakayokuja. Wazazi tuna mkutano skuli Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, na nitawasomea mtakachoniandikia.

Wenu,
Mzazi na mkaazi wa Kitogani,
Mkoa wa Kusini Unguja