Somo Yangu wa Tabora, Anza na Chupa Kumi

Kibirizi, Kigoma

Somo yangu mpendwa,

Habari za huko, na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea, ila mvua zinatutesa kwenye kuanika dagaa. Ujumbe wako nimeusoma nikacheka kidogo, kisha nikaurudia bila kucheka. Unasema asali unayo, shemeji anakuletea kutoka Sikonge, wateja wanakuulizia, lakini utaanza kuiuza kwa jina lako "nikishajiamini". Sasa hiyo siku ya kujiamini itakuja na treni gani?

Wale watu wa semina, wanaowasimamisha wenzao wapige makofi na kusema "ninaweza", siwapingi sana. Aliyekata tamaa anahitaji neno. Tatizo ni kwamba neno la Jumamosi halifiki Jumatatu kama hakuna kazi iliyofanyika katikati. Kujiamini ni ujira, somo, si mtaji. Unalipwa baada ya kazi, tena kidogo kidogo.

Tazama tu hapa kwetu. Ukipanda boti za kaskazini unaipita Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alishuka pale Julai 1960, binti wa miaka 26, hana shahada, nauli yake ya kwanza ya kuja Afrika aliichanga kwa kuhudumia wateja mezani. Fedha alizopewa zilikuwa za miezi 6. Watu wanaikumbuka siku alipomwona sokwe akitumbukiza kijiti kwenye kichuguu na kuvua mchwa, jambo lililowafanya wasomi waliodhani ni binadamu tu anayetengeneza zana wajiulize upya. Mimi huwa naifikiria zaidi ile miezi ya kabla yake. Sokwe walimkimbia. Homa ikamlaza. Alipopata nafuu akawa anapanda kilimani alfajiri, anakaa na darubini yake, anaandika alichokiona, hata kama ni migongo tu ya sokwe wanaotokomea msituni. Kesho tena. Ile ya kijiti aliiona Novemba. Angengoja wamzoee kwanza ndipo apande, fedha zingemwishia kambini.

Halafu kuna jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka: hakuja na kusudi la maisha limeshakamilika kichwani. Alikuja kuwatazama sokwe, basi. Miaka ilivyokwenda akaona vilima vya nje ya hifadhi vimekatwa miti vimebaki vipara, na kazi ikamvuta kwa watu. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya jirani, kwa hoja kwamba mwanakijiji ambaye maisha yamembana hawezi kuulinda msitu kwa kuambiwa tu. Alipofariki Oktoba 2025, ana miaka 91, alikuwa bado ziarani akihutubia. Kwa hiyo ukiniandikia tena kwamba hujajua "kusudi lako", nitakuuliza umechuja asali kiasi gani wiki hii.

Najua utasema yule alikuwa mzungu, alikuwa na watu wake nyuma. Kweli kabisa. Basi njoo kwa bimkubwa anayeanika karibu na mimi. Mitumbwi ikirudi asubuhi yeye keshafika na beseni lake. Anachota dagaa kiganjani, anawapindua, ananusa, anataja bei moja, haongezi. Akishanunua anawatandaza juu ya chanja wembamba kiasi kwamba unaona wavu chini yao, kisha anazunguka kuwageuza, fimbo ya kunguru mkononi. Wingu likitokea upande wa Kongo, turubai limeshafika kabla wengine hatujainua macho. Wanaoanika mchangani wanamaliza mapema, ila wanunuzi wakifika wanaanzia kwake, maana dagaa wake hawana mchanga. Siku moja nilimwuliza kama anajiamini. Akanitazama kama niliyechanganyikiwa: "Mimi naiamini chanja yangu."

Tena sikwambii kwamba ukijiamini kila kitu kitakubali. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawakusanyiki kwenye taa za wavuvi, hata uwe na imani ya kuhamisha milima. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lote lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na hapo wengi walikaa vibarazani wakihesabu siku. Bimkubwa yule alishona turubai, akadai madeni yake yote (na langu likiwemo, hakunionea aibu), akaingia kwenye mawese. Alinunua kwa wakamuaji, akapima kwenye chupa, akauza stendi. Faida ilikuwa ndogo, analalamika hadi leo. Lakini ziwa lilipofunguliwa alikuwa na pesa ya beseni la kwanza, na sisi wengine tulikuwa tunatafuta wa kutukopesha.

Sasa turudi kwako. Usinunue mashine wala usikodi fremu. Chukua dumu moja. Asali usiichemshe, utaiharibu ladha; ichuje polepole kwa kitambaa safi, iache itulie mpaka povu na chembe za nta zipande juu, engua, jaza chupa kumi. Ukishindwa kuuza kumi utakuwa umepoteza kidogo na umejifunza bei. Ukiziuza, jaza nyingine. Andika kwenye daftari nani kanunua na kasemaje. Mambo ya lebo na viwango kaulize SIDO hapo hapo Tabora, kuhudumia wajasiriamali wadogo ndiyo kazi yao. Na yule wifi anayesema asali ya mjini haina mteja, muuzie chupa ya kwanza.

Dagaa wako nimeshawafunga, sado moja, wa chanjani si wa mchangani. Nitawapakia kwenye treni na kukupigia ujue pa kuwachukulia. Wewe nitumie chupa mbili za asali, zenye jina lako juu, na bei uiandike. Ukiniletea kwenye dumu la mafuta ya kula naapa nalirudisha.

Wasalimie nyumbani.

Somo wako