Kuhusu Luke hatukubaliani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kurasa tatu za sinema za Star Wars, na masomo yako yamepata mstari mmoja! Sikulaumu, ugonjwa huo umeurithi kwangu.

Kwa swali la nani alifyatua kwanza, Han Solo yule rubani wa magendo au Greedo yule mwindaji anayemsaka, tuko upande mmoja. Han ninayemjua mimi ni wa 1977: ameelekezewa bastola, anamchelewesha yule mwindaji kwa maneno huku mkono wake ukishuka taratibu chini ya meza. Anayefyatua ni yeye peke yake. Mwaka 1997 mwongozaji wake, George Lucas, akalitengeneza upya tukio hilo, Greedo akatangulia kufyatua na kumkosa mtu aliyekaa mbele ya pua yake. Mwindaji gani huyo? Toleo la 2004 likawafanya wafyatue karibu pamoja, na 2019 Greedo akaongezewa neno, "Maclunkey", kana kwamba hapo ndipo palipokuwa na upungufu.

Rafiki yako anasema ni jambo dogo. Mwambie autazame mwisho wa sinema. Han anapopakia malipo yake na kuaga, tunaamini kwamba ameondoka kweli, maana pale mezani tulishamwona ni mtu wa kujijali yeye kwanza. Ndiyo maana anapotokea ghafla kumwokoa Luke, shujaa wetu, unajikuta umesimama. Ukimtakasa tangu mwanzo, kurudi kwake kunabaki na uzito gani?

Sasa Luke. Unasema kwamba aliyekataa kumuua baba yake hawezi kuwasha upanga wa mwanga juu ya mpwa wake aliyelala, kwa hiyo sinema ya 2017 ilimsaliti. Hata Mark Hamill alisema wazi kwamba hakukubaliana na Luke huyo, ingawa baadaye alijutia kuyatoa hadharani. Lakini wewe unakumbuka tu pale Luke alipoutupa upanga akikataa kumuua baba yake. Rudi nyuma kidogo katika ile ya 1983: Vader, huyo baba yake, anamtishia kwa kumtaja dada yake, na Luke anatoka gizani akipiga kama aliyepagawa, anampiga baba yake mpaka anamkata mkono. Huruma ilikuja baadaye. Kwangu mimi, kijana yule na mzee wa 2017 ni mtu mmoja: hasira humtangulia, kisha hushtuka. Kinachonikera mimi ni kwamba alijificha miaka yote ile. Hilo nakuachia ulitumie dhidi yangu.

Kuna sentensi moja katika ukurasa wa tatu sikuipenda. Rose, yule mhusika wa sinema ya 2017, humtaki, sawa, mseme utakavyo. Ila mstari unaofuata si wa Rose tena, ni wa Kelly Marie Tran, mwigizaji wake, aliyeandamwa kwa matusi mpaka mwaka 2018 akafuta picha zake zote Instagram. Mimi nami nilicheka kejeli alizotupiwa mhusika Jar Jar Binks baada ya sinema ya 1999. Miaka karibu ishirini baadaye Ahmed Best, aliyemwigiza, akasimulia kwamba kejeli zile nusura zimfanye ajiue. Kicheko changu kile bado kinanisuta.

Ukija likizo tuanze na ile ya 1983, na kidhibiti nitakishika mimi ili nisimamishe pale mkono unapokatwa. Njoo na huyo rafiki yako, hata kama bado hamsemeshani.

Wako akupendaye,
Baba