Mzani ukigoma msikimbilie kujinyima zaidi

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wenzangu wa dayati. Mtu anapungua vizuri wiki za mwanzo halafu mzani unagoma kushuka, basi anakata chakula mpaka karibu abaki na maji tu, jamani hapo ndo anajimaliza. Mwili uliopungua unatumia kalori chache kuliko ule wa mwanzo, na zaidi ya hapo wenyewe unabana matumizi, unajikuta hata kutembeatembea umepunguza bila kujua, kwa hiyo ile hesabu ya kwamba ukikata kalori 7,700 unapungua kilo moja haiendi moja kwa moja hivyo. Na zile kilo za mwanzo, nyingine zilikuwa maji! Mi naona bora upige hesabu upya kwa uzito wa sasa, uandike kila unachokula (hata kile cha kuonja jikoni, hicho ndo mchawi), uongeze protini na kunyanyua vyuma ili misuli isiishe, usingizi nao usiuchezee. Kiuno pia pima, maana mzani unaweza kusimama huku suruali inapwaya. Ila kama unatumia dawa au una shida ya tezi ya thairoidi, muone daktari kwanza.

Msomaji wenu