Wachapaji, bomba la maji si bomba la upepo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina neno na wenzangu wenye maduka madogo ya uchapaji, hasa hapa Kariakoo na mitaa ya Ilala, na nina neno pia na mafundi bomba wanaotufungia mabomba ya maji ya plastiki, yale ya PVC, yapitishe upepo wa kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa.

Siku hizi duka lisilo na kompresa ni la kutafuta. Enzi za Heidelberg kuukuu hatukuihitaji, maana mashine ile ina pampu yake ya kunyonya na kupuliza karatasi, haimwombi mtu upepo. Leo kuna mashine ya kubandika kava za vitabu, ya laminesheni, ya kuchapa fulana, ya kukata maboksi, na nyingi kati ya hizo zinataka upepo wa bar 6 hivi (bar ni kipimo cha presha). Basi mwenye duka ananunua kompresa, anamwita fundi bomba wa mtaani, na fundi anafunga kile anachokijua: PVC, gundi na elbo. Kabla ya adhuhuri kazi imekwisha na hela ameshalipwa.

Ukihoji, muuzaji wa vifaa vya ujenzi atakuonyesha kwa kidole maandishi ya ubavuni: PN 16. “Mzee, hili linabeba bar 16, kompresa yako ni 8, wasiwasi wa nini?” Maandishi hayo ni ya kweli, ila yanahusu maji, tena maji ya nyuzi 20 za sentigredi. Maji hayabanwi. Bomba la maji likipasuka presha inakwisha papo hapo. Unalowa, unafunga koki, unatukana kidogo, basi. Upepo wa bar 8 ni lita 9 za hewa zilizoshindiliwa ndani ya lita 1, na bomba likiachia zote zinatoka kwa mkupuo. PVC nayo haichaniki kwa upole, inavunjika vipande vyenye ncha. Tia hapo joto la bomba lililopitishwa chini ya bati mwezi Februari, tia mvuke wa oili ya kompresa ambao aina nyingine hula plastiki, halafu mtetemo wa injini kutwa nzima. Wenzetu wa Marekani walishatolewa tahadhari na mamlaka yao ya usalama kazini mwaka 1988 kuhusu jambo hilihili, PVC zilizo juu ya ardhi kubeba hewa ya presha. Sisi bado tunaziuza na kuzifunga.

Nimeona matokeo yake kwa macho yangu, duka sitalitaja. Ilikuwa msimu wa kalenda, kazi imejaa, elbo iliyokuwa juu ya meza ya giloti, mashine ya kukatia karatasi, ikapasuka kwa mlio ambao jirani wa duka la vitenge alidhani transfoma imelipuka. Kijana wa giloti alikuwa ametoka kuswali alasiri. Tulipokwenda kuangalia mahali pake pa kusimama, vipande vilikuwa vimejichoma ubavuni mwa rimu ya art paper, kimoja kimezama kiasi kwamba tulikitoa kwa koleo. Karatasi ile ngumu, iliyobanwa vile! Sasa weka shingo ya mtu hapo.

Najua jibu la wengi: fundi, bomba la chuma ni ghali. Kwa mita, ni kweli. Lakini tupige hesabu ya duka lenyewe. Duka la futi 20 kwa 30 linataka njia kuu moja tu, ipite ukuta mrefu. Bomba la GI, yaani chuma kilichopakwa zinki, la robo tatu inchi linauzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo mabomba mawili yanamaliza ukuta huo na masalio yanatosha kushushia kwenye mashine. Kuchonga meno wanakufanyia pale unaponunua. Kutoka kwenye koki ya kushukia hadi kwenye mashine unatumia mpira wa upepo, ile mipira ya rangi ya bluu au ya machungwa yenye fitingi za kuchomeka, mradi usome bar zake kabla ya kulipa. Na kama una mashine moja tu inayotaka upepo, usifunge bomba lolote: nunua mpira mzuri wa kompresa, uning’inize ukutani pasipopita watu, hela iliyobaki kanunulie wino.

Gharama inayotumaliza haiko kwenye bomba, iko kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tundu la milimita 1 kwa presha ya bar 7 linavujisha takriban lita 60 hadi 70 za hewa kwa dakika. Kompresa ya hp 2 iliyoko madukani kwetu kwa kawaida haifikishi lita 200. Yaani nati moja iliyolegea inakula theluthi ya kompresa, mchana kutwa, na mwenye duka anashangaa kwa nini uniti zinayeyuka. Jioni mashine zikizimwa, jaza mtungi, zima kompresa, uache wazi koki ya mtungi inayopeleka upepo kwenye bomba, kisha soma geji. Isome tena asubuhi. Ikiwa imelala kwenye sifuri, chukua povu la sabuni na brashi upite kila kiungo. Panapotoa mapovu ndipo hela yako inapovujia. Halafu kuna wale wanaopandisha presha hadi bar 10 eti mashine ipate nguvu. Kila bar moja unayoishusha inaokoa umeme kwa asilimia 6 au 7 hivi. Mashine ikisema 6, toa 6 pale kwenye mashine na 7 kwenye mtungi, inatosha.

Sasa maji, ambayo kwa mji huu ndiyo adui wa karatasi. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inabeba kama gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Kompresa ikivuta lita 200 kwa dakika, ikaibana na ikapoa, inaangusha karibu robo lita ya maji kila saa. Kwa siku ya kazi ngumu ni lita 2. Yasipotolewa yanasafiri hadi kwenye kazi ya mteja. Mtu ameleta oda ya kadi za harusi, kamati ya michango inasubiri, wewe unapuliza vumbi kwenye kadi na bunduki ya upepo inatema matone yenye kutu. Kadi hizo hazifutiki.

Dawa yake haihitaji mashine ya kukaushia hewa ya mamilioni. Bomba kuu liinamie chini kidogo, sentimita 1 kwa kila mita, likielekea mbali na kompresa, na mwisho wake ushuke chini uishie kwenye koki ya kutolea maji. Matawi ya kwenda kwenye mashine yatoke juu ya bomba kuu, yapinde ndipo yashuke. Mafundi wa maji wengi hutoa tawi chini kwa sababu ndivyo walivyozoea, na hapo maji yote yanaingia kwenye mashine ya kwanza. Chujio moja lenye kikombe kwa kila mashine, kwa sababu GI nayo hupata kutu ndani kadiri miaka inavyokwenda. Kile kikombe cha oili kinachouzwa pamoja na chujio kikatae, labda kitabu cha mashine kiwe kimekitaka. Upepo wenye oili ukifika kwenye karatasi au fulana, wino haushiki. Kati ya kompresa na bomba weka kipande cha mpira, mtetemo usifungue viungo. Kompresa yenyewe ikae nje kivulini, kwenye kizimba cha nondo kwa ajili ya wale wapenda vya wenzao, ivute hewa ya baridi kuliko ile ya ndani yenye vumbi la karatasi.

Nina ombi kwa wakaguzi wa OSHA, wakala wetu wa usalama na afya kazini. Kazini kwetu mnakuja kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mtungi wa kompresa ni chombo cha presha mnachokijua vizuri. Mkimaliza mtungi na valvu yake ya usalama, inueni macho mfuate bomba hadi mwisho. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vimwonyeshe kijana anayesomea ufundi bomba tofauti ya maji na upepo, hata kwa somo la asubuhi moja, maana ndiye tutakayemwita.

Kwa aliyekwisha kufunga PVC na hana uwezo wa kubadilisha yote mwezi huu: kushusha presha peke yake hakumlindi mtu. Aanze na kipande kinachopita juu ya vichwa vya vijana na juu ya giloti, akitoe, aweke mpira wa kompresa kwa muda. Kilichobaki akitenge kwa koki, kisiwe na upepo hadi hela ya chuma ipatikane.

Fundi wa mitambo ya uchapaji,
Kariakoo, Dar es Salaam.