Mwongozo wa TCU utuonyeshe na mshahara

Mhariri, naomba nafasi. Kijana wetu kamaliza form six, PCM (fizikia, kemia na hesabu), anataka kusoma operesheni riseachi, ile hesabu ya kupanga malori, stoo na foleni za bandarini, kozi naikubali kabisa ila nauliza akimaliza atalipwa shingapi na deni la mkopo wa chuo litaisha lini? Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unakupa sifa za kujiunga na miaka ya kusoma, basi. Wenzetu Marekani serikali ina tovuti, College Scorecard, unachagua chuo na kozi unaona wahitimu wanaingiza kiasi gani na walitoka na deni kiasi gani. Sisi data tunazo jamani, bodi ya mikopo si ndo inakata 15% ya mshahara kila mwezi, kwa walioajiriwa inajua kila kitu! Tuseme mshahara 800,000, inaondoka 120,000 hujagusa kodi ya nyumba, deni la milioni 12 ni miezi 100, miaka nane na ushee. Na hapo nashukuru ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inaongezwa kwenye deni kila mwaka, ilifutwa 2021. TCU na bodi wakae pamoja, majina wafiche, watupe wastani wa kila kozi kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Mzazi, Tabata, Dar es Salaam