Kwa mwanangu, kabla hujakaa kimya kutwa nzima

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia Jumamosi utakaa kutafakari kimya tangu alfajiri hadi magharibi, nawe hujawahi kukaa hivyo hata nusu saa. Sikukatazi. Nakuomba tu uigawe siku hiyo vipindi vipindi.

Waliobobea nao hufanya hivyo. Katika nyumba za Zen, tawi la Ubudha linalotilia mkazo kutafakari, watu huketi kwa dakika 30 au 40, kisha hunyanyuka wakatembea polepole kabla ya kuketi tena. Kozi za siku 10 za Vipassana, yaani kutafakari kwa kutazama pumzi na hisia za mwili, ambazo mwalimu S. N. Goenka alianza kuzifundisha India mwaka 1969, ni ngumu kweli: kengele hulia saa kumi alfajiri, na kwa siku mtu hukaa jumla ya saa zipatazo kumi. Lakini kuna mapumziko, kuna chakula, na yupo mwalimu wa kuulizwa. Wewe utakuwa peke yako chumbani.

Miguu itakusumbua mapema. Ukiikunja muda mrefu neva hubanwa, mguu ukafa ganzi. Unyooshe, usubiri hisia zirudi, ndipo usimame. Ukiukanyaga ungali na ganzi utateguka kifundo. Kalia mto mnene, magoti yawe chini ya nyonga, mgongo utanyooka bila kuulazimisha. Kiti pia kinafaa. Uchovu wa mgongo unaweza kuuvumilia kidogo ukiutazama. Goti likichoma, badilisha mkao papo hapo, maana goti likiumia haliponi upesi.

Halafu akili. Utaanza kufuata pumzi puani, na kabla hujafikisha pumzi kumi utajikuta unagombana na mtu mliyeachana naye zamani. Hapo wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa. Hujashindwa. Ukigundua umepotea, rudi kwenye pumzi bila kujikaripia. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na utairudia kutwa. Usingizi ukikuelemea mchana, fumbua macho au simama.

Lililonifanya nishike kalamu hasa ni babu yako. Tangu tumzike sijakuona ukilia. Ulishughulika na wageni, ukarudi kazini, na tangu hapo umekuwa mtu wa kukimbizana na shughuli. Kimya kirefu huyafukua mambo kama hayo, na huja bila hodi. Machozi yakija yaache yatoke. Lakini ukiona hofu imekushika haikuachii, au unahisi kama hauko mwilini mwako, acha mara moja. Fungua dirisha, kunywa maji, tembea nje, unipigie. Usijilazimishe kumaliza muda eti kwa sababu uliupanga.

Jumamosi sitoki, na simu nitakuwa nayo mkononi. Hata ukiishia saa nne asubuhi, nipigie unisimulie. Na kama ni habari za babu zimekujia, nami nina mengi ya kukueleza juu yake ambayo hatujapata kuyazungumza.

Mama yako