Yaya, ukuta wa risasi hautawafikisha Mirihi

Yaya,

Salamu kwa shemeji na watoto. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu siku ile ya matanga kule Katuba hukunipa nafasi: ulitoa hoja yako, wazee wakacheka, mara mazungumzo yakahamia bei ya makala ya kupikia.

Ulisema hivi: kama watu wa roketi wanaogopa mionzi njiani kwenda Mirihi, si wakivike chombo chao risasi nene, yale madini mazito, waende zao? Mtu aliyekaa fonderi ya kuyeyusha madini miaka yote kama wewe lazima aamini chuma. Tena hospitalini umeona mwenye kupiga picha za radio, yaani eksirei, akijikinga kwa aproni ya risasi. Kwa mashine ile hoja yako ina mashiko. Kwa mionzi ya kosmiki, ile inayotoka anga za mbali, inageuka hasara.

Mionzi ya eksirei ni ndugu wa mwanga, na risasi inaimeza. Hii ya kosmiki ni vipande vya atomu: vingi ni protoni, vichache heliamu, na vichache zaidi ni vizito, hadi viini, yaani mioyo ya atomu, vya chuma. Vingi vyao inaaminika vilisukumwa na nyota zilizolipuka, na vinakimbia karibu sawa na mwanga wenyewe. Kimoja kikigonga kiini kizito cha risasi kinakipasua, na vipande, neutroni zikiwemo, vinasonga mbele kule aliko mtu. Ni kama kupiga nyundo bonge la taka ya tanuri. Wewe unajua vinavyoruka.

Kinachofaa ni vitu vyepesi vyenye haidrojeni nyingi, kwa sababu kiini cha haidrojeni ni protoni moja tu, hakina cha kupasuka. Maji, kwa mfano. Au polietilini, plastiki ya zile bidoni za njano tunazopanga foleni bombani. Kilo kwa kilo, bidoni iliyojaa maji inamkinga mwanaanga kuliko risasi. Sisi wa Katanga tumezoea kwamba kila jibu linachimbwa, kwa hiyo hilo linauma kidogo.

Na mionzi ya mawe sisi tunaijua. Urani ya Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, iliingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Zamani wanasayansi wengi waliamini kwamba mionzi inayopimwa hewani hutoka ardhini, kwenye mawe ya namna hiyo. Agosti 1912 Victor Hess, Mwaustria, akapanda puto na vipimo vyake hadi zaidi ya mita 5,000. Ukiyaacha mawe mbali, mionzi ipungue, sivyo? Ikazidi: kumbe ilikuwa inatoka juu angani. Mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel.

Huku chini tunakingwa na usumaku wa dunia pamoja na hewa. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na bado kila mita ya mraba ya uwanja wako imebeba hewa ya karibu tani 9. Nani atarusha uzito wa namna hiyo angani?

Kipimo kipo. Gari la roboti Curiosity, lililoondoka 2011 na kutua Mirihi 2012, lilibeba chombo cha kuhesabu mionzi njiani. Kilipata takriban milisiverti 1.8 kwa siku (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mtu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka mzima kutoka vyanzo vya asili. Kwenda na kurudi, hata kwa miezi sita kila upande, inakaribia 660, na hapo hujahesabu siku za kukaa kule. NASA, shirika la anga la Marekani, inamruhusu mwanaanga 600 kwa kazi yake yote.

Madhara yake hayaonekani siku hiyohiyo: saratani, mtoto wa jicho, na panya wa maabara wamepungukiwa kumbukumbu. Ila kuna dalili moja ya papo hapo inayonisisimua. Wanaanga wa Apollo, safari za Wamarekani kwenda mwezini, wakiwa wamefumba macho gizani, waliona vimulimuli: chembe zilikuwa zinapita ndani ya macho yao.

Jua nalo lina dhoruba zake za mionzi. Ile ya Agosti 1972 ilipiga katikati ya Apollo 16 na Apollo 17, wakati hakuna mtu njiani. Kwa dhoruba kama hiyo, chumba kidogo kilichozungushiwa maji kinasaidia sana. Kwa mionzi ya kutoka mbali, dawa kubwa ni kufupisha safari.

Au kuchagua abiria. Saratani ya mionzi huchukua miaka mingi kuota, kwa hiyo kwa hesabu hiyo peke yake mzee wa miaka 60 anafaa kuliko kijana wa 30. Shemeji akikubali, yaya, tutakuandikisha.